Mtoto Asiyekaa Kitako

  

Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja kijana akiwa amemshika mwanawe mkono. Tuseme kweli, hakumshika, alimkamata. Kabla mama hajamaliza salamu, mtoto huyo wa miaka minne na miezi kadhaa alikuwa ameshachopoka, amevaa viatu vya mtu mwingine mlangoni pa msikiti, na amemuuliza muadhini kwa nini ndevu zake zimepakwa hina. Mama akaketi barazani akaanza kulia.

Chekechea ya kwanza ilimrudisha mwanawe baada ya muhula mmoja. Ya pili imemwita mara nne, na mara ya mwisho akaambiwa amtafutie mtoto mahali pengine kwa kuwa anawaharibu wenzake. Chuoni nako maalim amemwambia asimlete tena mpaka apate akili. Mavyaa wake asema mtoto amedekezwa. Jirani asema ametupiwa jicho. Mumewe, ambaye kazi humweka safarini, husema kwa simu kwamba dawa ni fimbo. "Sheikh," akatuuliza, "mwanangu ni mbaya?"

Tulimjibu kuwa la, si mbaya. Sharia yetu yatufundisha kuwa kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe. Ikiwa Mwenyezi Mungu hajamwandikia kijana huyu dhambi hata moja, sisi ni nani hata tumwandikie ubaya akiwa na miaka minne? Hata hivyo swali lake lilistahiki jibu refu kuliko hilo, na twaamini hayuko peke yake. Kwa hivyo tumeona safu ya leo iwe yake, na ya walimu wa chekechea, na ya sisi wenyewe tunaosomesha vyuoni.

Umri una haki yake

Jambo la kwanza ni kujua mtoto wa umri huu ameumbwa vipi. Mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano hujifunza kwa mikono na miguu kabla ya kujifunza kwa masikio. Kujongea kwake ndiko kusoma kwake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 likisema kuwa mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji kuushughulisha mwili kwa dakika 180 kila siku, na walau 60 katika hizo ziwe za mchezo wa nguvu, wa kukimbia na kuruka. Alale saa 10 hadi 13 katika saa 24, na asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1.

Sasa tuitazame siku ya mtoto wetu wa pwani. Huamshwa alfajiri, akavishwa sare akiwa na usingizi. Asubuhi yuko PP1 au PP2, juu ya kiti. Adhuhuri hurudi, akala, akabadilishwa nguo, akapelekwa chuoni akae juu ya mkeka mpaka Alasiri au baada yake. Magharibi yuko nyumbani na kazi ya shule. Baada ya Isha tamthilia zimewashwa, wakubwa wako macho, naye yuko macho pamoja nao. Mwezi wa Ramadhani na siku za harusi ndiyo kabisa, hulala saa sita za usiku. Mtoto huyo hakupata dakika 180 za kucheza wala hakupata saa 10 za kulala. Kisha twashangaa kwamba hatulii! Mtoto mdogo aliyekosa usingizi hasinzii kama mtu mzima. Aghalabu huzidi kuhangaika, akawa mkali, akalia kwa jambo dogo.

Lipo jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalitazami. Katika darasa moja la PP1 huwapo mtoto aliyetimiza miaka minne mwezi wa Januari na mwenzake aliyeitimiza Desemba. Tofauti yao ni karibu mwaka mzima, na kwa mtu aliyeishi miaka minne tu, mwaka ni robo ya umri wake. Uchunguzi katika nchi kadhaa umeonyesha kuwa watoto walio wadogo kuliko wenzao darasani ndio wanaopachikwa zaidi jina la ugonjwa wa kutotulia. Yamkini hawaumwi kitu. Hawajakua tu. Kwa hivyo, mama, usione haya mwanao akiingia shule akiwa amechelewa kidogo kuliko wa jirani. Haraka haraka haina baraka.

Kosa letu

Hatutakuwa waadilifu tukiwanyoshea kidole wengine tu. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tungali vijana na tukisomesha chuo cha watoto, tulikuwa na mwanafunzi wa miaka sita aliyetuchosha mno. Tukisoma, yeye hugeuka kumtazama mwenzake. Tukiamrisha, yeye huuliza jirani kimesemwa nini. Tukimwita, haitikii mpaka mara ya tatu. Tulimwita mpuuzi mbele ya wenzake, na henzerani yetu ilimfahamu vizuri. Hatimaye babake alimwondoa chuoni, nasi tukapumua.

Baadaye sana tulikuja kujua kuwa mtoto yule alikuwa na maradhi ya masikio tangu utotoni, masikio yaliyokuwa yakitoka usaha kila msimu wa mafua, na moja limeharibika kabisa. Alipokuwa akigeuka hakuwa akicheza. Alikuwa akitazama midomo ya wenzake ajue tumefika wapi. Tulikuwa tukimpiga kwa sababu ya kujitahidi kwake kusikiliza.

Mwaka jana tulikutana naye kwenye maziko. Ni mtu mzima sasa. Alitusalimu kwa heshima, akabusu mkono, kisha akahama upande ili atusikie kwa sikio lake zima. Tulimuuliza wanawe wanasoma chuo gani. Akatujibu kwa adabu kuwa hawasomi chuo, huwasomesha mwenyewe nyumbani. Hakusema zaidi, wala hakuhitaji kusema. Twamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, naye tulimwomba msamaha siku ile ile, akatusamehe. Lakini henzerani ile iliwafukuza chuoni watoto ambao hawakuwa wamezaliwa.

Kabla ya kumwita mtundu

Kwa sababu hiyo twasema kwamba mtoto asiyetulia achunguzwe kabla ya kuhukumiwa. Yako mambo ambayo kila mzazi anaweza kuyaanza wiki hii.

Masikio yawe ya kwanza. Simama nyuma yake asipokuona, umwite kwa sauti ya kawaida. Haitikii? Anaongeza sauti ya televisheni? Anapatwa na mafua ya mara kwa mara, au sikio lake hutoa maji? Mpeleke hospitali apimwe.

Macho nayo yaangaliwe. Mtoto asiyeona ubao hawezi kuuangalia kwa muda mrefu, naye hajui kuwa wenzake wanaona kingine. Yeye hudhani dunia ndivyo ilivyo.

Usingizi usisahauliwe. Mtoto anayekoroma kila usiku na kulala kinywa wazi huenda ana uvimbe wa nyama nyuma ya pua, na usingizi wake haumtoshi hata akilala mapema.

Damu na tumbo pia. Upungufu wa damu na minyoo humfanya mtoto awe mzito wa kufahamu na mwepesi wa kukasirika. Na chakula cha asubuhi ni haki yake. Wengi husema sukari ndiyo inayompandisha mtoto wazimu. Madaktari waliolichunguza hilo hawakulithibitisha. Lakini mtoto aliyeingia darasani na ubuyu na soda badala ya mahamri na mbaazi, au uji, ni mtoto mwenye njaa, na mwenye njaa hakai kitako.

Tena kuna kuzubaa. Baadhi ya watoto hukatika ghafla katikati ya neno, macho yakaganda sekunde kadhaa, kisha wakaendelea kama kwamba hapakuwa na kitu. Hiyo yaweza kuwa aina ya kifafa. Haiponi kwa kofi, na ina dawa yake hospitali.

Mwisho ni hofu. Nyumba yenye ugomvi, baba na mama waliotengana karibuni, msiba, mtoto mchanga aliyezaliwa, au mtu anayemdhuru mtoto kwa siri, yote haya hujitokeza darasani kwa sura ya utundu. Muulizeni kwa upole, tena mkiwa peke yenu.

Na wale wanaosema ni jicho au majini? Hatukanushi kuwa jicho ni kweli, na kumsomea mtoto Aayatul Kursiyyu na sura mbili za kinga ni sunna njema. Lakini Mtume (S.A.W.) huyo huyo aliyetufundisha kinga ametuamrisha kutafuta matibabu, akatufahamisha kuwa hakuna maradhi ila yameteremshiwa dawa. Msomee mwanao usiku, na asubuhi mpeleke akapimwe masikio. Ama kumpeleka kwa mganga apungwe, afukizwe na kutishwa mpaka anyamaze, hilo humwongezea hofu juu ya shida yake.

Wapo pia ambao kuhangaika kwao si kwa umri tu wala si kwa sikio. Ni hali ya ubongo ambayo madaktari huiita kwa ufupi ADHD, nayo hukadiriwa kumpata kama mtoto mmoja katika kila 20. Daktari haisemi kwa kumtazama mtoto mara moja. Hutazama kama dalili zimedumu zaidi ya miezi 6, kama zaonekana mahali zaidi ya pamoja, nyumbani na shuleni, na kama zimezidi umri wake hata zikamzuia kusoma na kuishi na wenzake. Mara nyingi huwa ni jambo la ukoo, na babake au amu yake akikumbuka vizuri atakiri kuwa naye alikuwa hivyo. Si matokeo ya malezi mabaya ya mama. Twarudia, si kosa la mama. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, tiba inayoanza si vidonge, bali ni kuwafunza wazazi na walimu namna ya kuishi naye. Kwa hivyo tahadharini na tabia ya kumnywesha mtoto dawa ya maji ya mafua ili alale. Hiyo ni hatari, tena ni dhuluma.

Wala tusiwasahau mabinti. Mvulana asiyetulia huvunja kikombe, kila mtu akajua. Binti huketi kimya karibu na dirisha, akili imekwenda mbali, kazi yake haijaisha, nasi twamsifu kuwa ana adabu. Naye ahitaji msaada uo huo.

Mwalimu wetu wa kwanza

Tukitaka kujua namna ya kuishi na watoto wa aina hii, tumtazame Mtume wetu (S.A.W.). Alisujudu akiwa imamu, mjukuu wake akampanda mgongoni, naye akairefusha sijda mpaka mtoto alipomaliza haja yake. Masahaba walipouliza, aliwaeleza kuwa hakupenda kumharakisha. Alisali akiwa amembeba Umama, binti wa binti yake Zaynab, akimweka chini anaposujudu na kumbeba anaposimama. Wala hakuwahi kusema watoto wafungiwe mpaka wapate akili.

Lakini kisa kinachotugusa zaidi katika mlango huu ni cha Anas bin Malik. Anas alimtumikia Mtume (S.A.W.) tangu angali mtoto, kwa muda wa miaka kumi. Siku moja alitumwa haja, njiani akawakuta watoto wakicheza sokoni, akasimama. Ni nani kati yetu hana mtoto aliyetumwa chumvi akarudi Magharibi bila chumvi? Mtume akamjia kutoka nyuma, akamshika kisogoni. Anas alipogeuka alimwona akicheka. Akamwita kwa jina la kudekeza, akamuuliza kama amekwenda alikotumwa. Anas akasema anakwenda sasa, basi.

Tazameni mafunzo yaliyomo. Hakupiga kelele kutoka mbali, alimsogelea. Alimgusa. Alimwita kwa jina lake. Uso wake ulikuwa na furaha. Alimkumbusha jambo moja tu, lile alilotumwa. Wataalamu wa leo wa malezi wanapowafunza walimu namna ya kumwamrisha mtoto msahaulifu, huwaambia mambo haya haya: msogelee, mwite kwa jina, mguse begani, mwambie neno moja. Na Anas, mtoto aliyesimama sokoni kucheza, ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa wapokezi wakubwa wa hadithi. Lau angalifukuzwa siku ile, umma ungalipoteza kiasi gani?

Neno kwa walimu wa chekechea na wa chuo

Twawajua hali zenu. Darasa limejaa, chumba kina joto, mshahara ni mdogo, nanyi hamkufunzwa haya. Kwa hivyo tutataja yale tu yasiyohitaji fedha.

Mketishe mtoto huyo karibu nawe, mbali na mlango na dirisha, kando ya mwenzake mtulivu. Usimweke pembeni peke yake, maana hapo umemfukuza naye yungali darasani.

Fanya somo liwe fupi. Baada ya dakika 10 za kukaa, wainue wote, wapige makofi wakihesabu, waruke, kisha waketi tena. Hasara ya dakika mbili hizo ni ndogo kuliko hasara ya nusu saa ya kugombana.

Mpe kazi ya miguu. Yeye awe mgawaji wa vitabu, mfuta ubao, mkunja mikeka. Mtoto anayekwenda huku na huko kwa ruhusa yako hahitaji kwenda bila ruhusa.

Amrisha moja moja. Ukisema, "Fungeni vitabu, wekeni penseli, kanaweni mikono, mpange mstari", yeye amelishika la kwanza au la mwisho. Na mwambie afanye nini badala ya asifanye nini. "Tembea polepole" ni amri aliyoifahamu, lakini "usikimbie" humwacha na picha ya kukimbia tu.

Mtangulizie habari. Kabla ya kubadilisha somo, waambie kuwa bado kidogo mtafunga. Bandika ukutani picha za mpangilio wa siku: uji, kusoma, kucheza, kusali, kurudi nyumbani. Mtoto huyu hutulia zaidi anapojua kinachofuata.

Msifu papo hapo, kwa jambo lililo wazi. "Umekaa mpaka umemaliza mstari, maashaallah" ni bora kuliko "leo umekuwa mzuri" mwisho wa siku, ameshasahau. Mtoto anayesikia jina lake likitajwa kwa karipio tu hujifunza kuwa jina lake ni karipio.

Usimnyime wakati wa kucheza kuwa ni adhabu. Huyo ndiye anayeuhitaji kuliko wote. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihyaa kuwa mtoto baada ya masomo aruhusiwe kucheza mchezo mzuri apumzike, na kwamba kumfunga kwenye masomo daima huufisha moyo wake.

Fundisha kwa mwili. Mwenyezi Mungu ametupa mchanga usiokwisha. Chora alifu kubwa uwanjani, watoto watembee juu yake kutoka juu hadi chini. Chora bee, walalie umbo lake, waweke kokoto moja chini yake iwe nukta. Yule asiyeweza kukaa na kibao dakika tano ataizunguka bee mara ishirini akiomba tena.

Fimbo

Najua, watasema wengine, mbona hadithi imetaja kupiga? Hadithi hiyo yahusu sala, nayo yaamrisha mtoto aanze kuamrishwa sala afikapo miaka saba, miaka mitatu ya subira ikapita kabla ya lingine lolote kutajwa katika miaka kumi. Ikiwa hata sala, nguzo ya dini, haiamrishwi kabla ya saba, ni dalili gani inayomruhusu mtu kumpiga mtoto wa miaka minne kwa sababu ameinuka kitini? Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alionya katika Mukadima yake kuwa ukali katika kusomesha, hasa kwa wadogo, huua uchangamfu wao na kuwafunza uongo na hila. Mtoto hujifunza kuficha, hajifunzi kutulia.

Na sharia ya nchi iko wazi. Adhabu ya viboko imeondolewa katika shule za Kenya tangu mwaka 2001, Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 53 humlinda mtoto na kila aina ya ukatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza mwanafunzi kuteswa mwili au nafsi. Tusijidanganye kuwa mlango wa chuo umetutoa katika sheria hizo, wala katika hisabu ya Siku ya Kiyama.

Nyumbani

Kwako mama, anza na usingizi. Saa mbili na nusu za usiku mtoto awe kitandani, simu na televisheni zizimwe saa moja kabla yake. Kama chuo na shule vimemlemea, zungumza na maalim apunguziwe siku, maana siku tatu akiwa mchangamfu ni bora kuliko tano akiwa amechoka. Mpeleke ufuoni au uwanjani kila siku akimbie. Mpe kazi fupi zenye mwisho: kuchambua mchele katika ungo mdogo, kukunja leso, kupeleka sahani. Kila siku tenga dakika 10 mkae pamoja, yeye achague mchezo, nawe usimkosoe lolote.

Kwako baba uliye mbali, fimbo iliyotumwa kwa simu hufikia mgongo wa mama kabla haijafika kwa mtoto. Tuma sauti yako. Muulize mwanao leo amecheza nini. Mtoto wako akiitwa shuleni, simama na mkeo.

Kwenu bibi zetu na mavyaa zetu, mna elimu ya kulea ambayo sisi hatuna. Mfundisheni mama huyu kwa upole, na mchukueni mtoto siku moja katika wiki ili mama alale. Hiyo ni sadaka.

Mkishafanya haya na shida ingali kubwa baada ya miezi kadhaa, nendeni kliniki ya watoto katika hospitali ya kaunti, na muulizie kituo cha kuwapima watoto kwa ajili ya elimu, vile vinavyojulikana kwa herufi EARC. Vituo hivyo vilianza nchini mwaka 1984, navyo hupima usikivu, kuona na namna mtoto anavyojifunza, kisha huishauri shule. Chekechea za umma ziko chini ya serikali za kaunti, basi mna haki ya kubisha katika ofisi ya elimu ya kaunti yenu mkifungiwa mlango.

Tumalizie kwa yule mama. Masikio ya mwanawe yamepimwa, ni mazima. Macho ni mazima. Alikutwa na upungufu wa damu, anatibiwa. Huenda kuna zaidi, na daktari ametaka amwone tena baada ya miezi mitatu. Mwalimu wa shule, baada ya kuzungumza naye, amekubali kumjaribu tena, na amemfanya mgawaji wa vitabu. Juzi mtoto aliinuka mara kumi na nne kabla ya saa nne, na mama amehesabu kuwa wiki iliyopita zilikuwa zaidi ya ishirini. Chuoni atarudi Jumamosi ijayo, insha'Allah. Tumemwambia maalim wake kuwa tutakwenda sisi wenyewe tukae naye mkekani siku ya kwanza, kwa sababu tuna deni.

Ewe Mola wetu, wajaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, wanaotulia na wasiotulia. Wape mama zao subira, na walimu wao upole. Utusamehe wale tuliowapiga kwa kutojua kwetu, na uwarudishie mapenzi ya Kitabu chako nyoyoni mwao na mwa watoto wao. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.